Hodi Tatu

Mwalimu Mkuu wetu hakumuuliza mtoto swali kabla ya kumpigia hodi. Alisimama kando ya dawati, akagonga mbao kwa kidole kimoja, taratibu, akasema, "Hodi." Mtoto asipoitika "Karibu," basi hakuna swali. Siku niliyoyaona hayo mara ya kwanza nilikuwa nimeripoti shuleni asubuhi ileile, msichana mwenye cheti kipya cha ualimu na viatu vinavyobana, nikajisemea moyoni: Yarabi, nimeletwa kufanya kazi na mwendawazimu.

Na kweli alikuwa na wazimu kidogo, sitamficha. Lakini baada yake nimefanya kazi chini ya wakuu wengine wenye akili zao timamu, na hakuna hata mmoja ninayemkumbuka nikiwa peke yangu jikoni nasubiri chai ichemke. Yeye namkumbuka.

Kwao sikukujua. Aliyemuuliza alijibiwa, "Mbali," na mazungumzo yakaishia hapo. Tulijua tu kuwa ni mtu wa bara, kuwa aliwahi kusomea upadri akatoka kabla ya kufika, na kuwa baada ya kutoka hakuoa. Ukitaka kujua upweke wake ulianzia wapi, ni hapo. Hakuwa padri, wala hakuwa mume wa mtu. Misa ya Jumapili ikimalizika, mapadri walikwenda kula kwao, wenye wake walikwenda kula kwao, naye akarudi kwenye nyumba ya shule kuchemsha maharagwe. Alipika ya kuwatosha watu wawili, sijui kwa nini, na asubuhi akala yaliyobaki yakiwa baridi.

Shule yetu ilikuwa ya Kanisa, lakini watoto wengi hawakuwa wa Kanisa. Ilikuwa upande huu wa kivuko cha Kilifi, kabla hujafika kwenye feri, ndani kidogo kutoka barabarani. Walikuja Waislamu kutoka kwetu Takaungu, na Wagiriama kutoka mashambani, wengine wakiwa bado na dini ya babu zao wala hawakuona taabu nayo. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, binti wa Takaungu, na yeye alikuwa Mkatoliki mpaka kwenye kucha. Tulielewana kuliko nilivyoelewana na ndugu zangu wengi.

Ile hodi hakuizua mwenyewe. Aliipata nyumbani kwetu, na aliipata kwa aibu. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza hapa, mimi bado niko chuoni, kwa hiyo nilisimuliwa na mama, na mama yangu husimulia kwa mikono miwili. Mwalimu Mkuu alikuwa akizunguka majumbani kuwatafuta watoto watoro. Akafika kwetu adhuhuri, akapiga hodi, kimya. Akapiga tena na tena, kimya. Mtu wa bara huyo, akadhani labda wenyewe ni viziwi, akazunguka nyuma akachungulia dirisha la jiko. Mama alikuwa kwenye mswala. Alimaliza sala yake bila haraka, akatoa salamu kulia na kushoto, akajitanda kanga, akatoka nje.

"Ewe mwanamume, kwenu hamfundishwi adabu? Hodi ni tatu! Ya kwanza mtu asikie, ya pili ajisitiri, ya tatu aamue. Asipoitika, unarudi ulikotoka, na usinune! Na ukiulizwa nani, usijibu mimi. Kila mtu ni mimi. Taja jina lako."

Mtu mwingine angeomba radhi akaenda zake. Yeye alisimama juani, jasho linamtiririka, akasema, "Naomba urudie, Mama."

Mama alidhani anafanyiwa mzaha, nusura ammwagie maji ya birika. Lakini hakuwa anafanya mzaha. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake alipoguswa na neno, hata likisemwa na mtoto wa darasa la kwanza: "Naomba urudie." Alikuwa akifumba macho akisubiri. Mama akarudia, akarudia kwa ukali uleule, na Jumatatu hodi ikaanza madarasani.

Tulipomuuliza maana yake, alitueleza kwenye chumba cha walimu wakati wa chai. "Kazi yangu ni kupiga hodi," alisema. "Ndani ya mtoto mna mwenye nyumba, na Mungu amefika kwake kabla yangu. Mimi naweza kusimama kizingitini na kitu chema mkononi, basi. Kuvunja mlango siwezi. Ukiuvunja, anayetoka siye mwenye nyumba. Anayetoka ni hofu yake."

Mwalimu wa hesabu, ambaye kiboko kilikuwa kama mkono wake wa tatu, akauliza, "Na asiyefungua je?"

"Hodi tatu. Kisha kesho."

"Na mtihani ni lini, Mwalimu?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Naye alicheka, akichelewa, kama ilivyokuwa desturi yake.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na vituko. Sukari ya chai ya walimu aliifungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake, na mtu huyohuyo nilimwona akivua shati kumpa mzee aliyelowa mvua. Aliishi karibu na bahari miaka yote ile na hakuwahi kulowesha hata kidole cha mguu. Tukivuka na feri kwenda Kilifi alisimama katikati kabisa, mkono mfukoni, na nilijua kuwa humo mfukoni rozari inazunguka. Kwenye kwaya aliimba vibaya ajabu. Kiongozi wa kwaya alimsogeza nyuma, akamsogeza tena, mpaka siku moja nilipopita karibu na kanisa nikamwona anaimba akiwa amesimama nje, karibu na dirisha, uso umejaa furaha.

Kwa watoto alikuwa laini, kwa walimu alikuwa moto. Mtoto akichelewa aliulizwa kama kwao kuna mgonjwa. Mwalimu akichelewa hakuulizwa kitu. Ulimkuta Mwalimu Mkuu anafundisha darasa lako, akakuacha umesimama mlangoni mbele ya watoto mpaka upige hodi, na watoto ndio waliokuitika karibu. Loo, fedheha ile! Ukiipata mara moja huchelewi tena.

Mwezi wa Ramadhani hakunywa hata maji mbele ya watoto waliofunga. Alijificha stoo, kati ya majembe na pakiti za maziwa ya shule, akala mkate wake akiwa amesimama. Na ilipofika Kwaresima yake, mama akamtumia mahamri bila kujua kuwa amefunga, naye akayarudisha kwa adabu. Mama akaja mwenyewe kumkabili. "Saumu gani hii yenye chai asubuhi?"

"Ndiyo maana, Mama, nyinyi mtatangulia peponi na sisi tutafuata nyuma," akasema, na mama akacheka siku nzima. Tangu hapo kila Idi sahani yake ilitengwa kabla ya zetu.

Kuna mtoto mmoja wa Kiislamu alimwendea akitaka kubatizwa, kwa kuwa ameona watoto wa Kikristo wamepewa mashati mapya Krismasi. Mwalimu Mkuu alimshika mkono akamrudisha kwa babake. Habari zikamfikia Padre wa parokia, ambaye hakufurahi. Wakasemezana ofisini, na ofisi ile haikuwa na dari, kwa hiyo tulisikia yote.

"Mtu anarudishaje roho iliyokuja yenyewe?" Padre aliuliza.

"Iliyokuja ni tamaa ya shati, Padre. Mzazi ndiye mwalimu wa kwanza, mimi ni wa pili. Nikimwiba mtoto kwa babake, amri ya saba nitamfundisha kwa uso gani?"

Amri ya saba kwao ni ile ya usiibe. Padre akacheka, lakini hakulisahau jambo lile.

Sasa nifike kwa Kadzo, maana kwa Kadzo ndipo alipovunjika.

Kadzo, msichana wa Kigiriama, alikuja darasa la nane akitoka shule nyingine huko ndani mashambani. Huko alikuwa amesimamishwa mbele ya shule nzima asome, akakwama, akachapwa palepale mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo hakufungua kinywa darasani. Nyumbani alisema, bibi yake alituapia: "Huyu! Husema hadi kuku wakakimbia." Lakini akivuka geti la shule, kimya. Macho amekukazia, midomo imefungwa. Mwalimu wa hesabu alisema dawa yake anayo. Mwalimu Mkuu akamwambia asithubutu.

Kila asubuhi akawa anakwenda kwenye dawati la Kadzo. "Hodi." Anasubiri. "Hodi." Anasubiri. "Hodi." Kisha anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeaga baraza, anasema, "Kesho, inshallah," neno alilolichukua kwetu, anakwenda kwa mtoto mwingine. Watoto mwanzo walicheka. Baadaye wakazoea, na baadaye zaidi ikawa darasa zima linanyamaza wakati huo, linamsikiliza Kadzo asiyesema.

Ilikuwa ndiyo miaka ule mfumo mpya wa elimu umeingia na darasa la nane limeanza. Matokeo yalitangazwa, shule zikapangwa, na wazazi wakaanza kuuliza shule yetu ni ya ngapi. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mfanyabiashara wa nazi, mtu mwenye sauti, aliitisha kikao. Alitaka watoto wazito warudishwe darasa ili wasiandike mtihani. Wazazi wa wengine walikubali. Akabaki Kadzo, ambaye bibi yake alisema, "Mwenye shule aamue."

"Basi amua," mwenyekiti alisema. "Msichana haandiki, hasemi. Ataishusha shule. Na shule ikishuka tena, ofisi hiyo utampisha mwingine. Nasema mbele ya Padre."

Padre alitazama mikono yake. "Shule ya Kanisa ikikosa jina, wazazi watawapeleka watoto pengine," alisema polepole. "Mfikirie na hao wengine, Mwalimu."

"Nawafikiria. Wanamtazama Kadzo kila siku waone nitamfanyaje. Nikimtoa, watajua na wao wangetolewa. Hayo ndiyo watakayokuwa wamejifunza kwangu, mengine watasahau." Akageuka kwa Padre. "Na wewe, Padre, ndiwe uliyetuhubiria kondoo aliyepotea."

"Kondoo hakuwa na mtihani!" mwenyekiti akamaka, na kamati ikacheka. Mwalimu Mkuu safari hii hakucheka hata kwa kuchelewa.

Nilimfuata nje. Nikamwambia, "Mwalimu, mrudishe tu darasa. Mwaka mmoja si kitu. Utapoteza shule kwa ajili ya mtoto ambaye hata karibu hajawahi kukuambia."

"Yumo ndani, Bi Mwalimu," akasema. "Namsikia anapumua."

Kadzo akaandika mtihani, yaani aliketi na karatasi. Shule ikashuka. Hakuishusha yeye peke yake, kila mwenye macho alijua, lakini palitafutwa wa kubebeshwa na akapatikana. Mwalimu Mkuu akaambiwa anahamishwa, akaambiwa hakuna shule iliyo tayari kumpokea kwa sasa, akaambiwa asubiri. Wewe unajua maana ya asubiri.

Kabla ya kuondoka aliniomba nimsindikize kwa kina Kadzo, kwa sababu mimi Kigiriama nakijua kidogo na yeye hakukipata kamwe. Bibi alitupokea vizuri, akatupa maji. Kadzo alikuwa ndani, tuliuona mguu wake chini ya pazia. Mwalimu Mkuu akaenda akasimama mbele ya pazia lile. Akapiga hodi tatu, akiacha nafasi kubwa kati ya moja na nyingine. Mguu haukusogea. Akainamisha kichwa. Lakini safari hii hakusema kesho, maana kesho hakuwa nayo. Tulirudi mpaka barabarani.

Alikwenda Mtwapa, akapanga chumba nyuma ya baa moja. Kwa muda alifundisha watoto wa majirani jioni, kisha akaacha. Nilimtembelea nikamkuta amekonda, redio imezimwa, na yeye alikuwa mtu wa kusikiliza mpira akapigia makofi timu zote mbili. Alinikaribisha kitini, yeye akakaa kitandani. Nilimletea mahamri ya mama. Hakuuliza habari za shule, nikaona nimpe tu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nadhani hamna mtu, nyumba ile," akasema. "Nadhani nilipiga hodi kwenye gofu lililohamwa."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Na kama ile ilikuwa gofu, hizo nyingine nilijuaje kuwa zina watu? Huenda watoto waliitika karibu kwa kuwa niliwafundisha kuitika. Huenda mwalimu wenu wa hesabu aliona mbali." Alipangusa makombo pajani. "Siku hizi hata kusali nahisi nagonga, Bi Mwalimu, na sisikii anayepumua."

Nililia njiani, nasema kweli. Mtu kufukuzwa kazi si ajabu, hutokea. Lakini yule alikuwa amefukuzwa kwenye lile jambo moja aliloliamini, na hakuwa na mke wa kumwambia mume wangu lala, kutakucha. Safari iliyofuata nilipokwenda hakufungua. Nilimsikia akikohoa ndani. Nikapiga zangu tatu, nikarudi. Nilinuna pia, ingawa mama amekataza.

Miaka ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja ya kuandikisha watoto wapya, mwanamke kijana akaja dawatini kwangu amemshika mkono msichana mdogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni wako?"

"Ni mdogo wangu. Mwalimu, nina ombi moja. Kabla hamjamuuliza kitu, mpigieni hodi. Asipoitika, msimfanye neno. Mpeni siku."

Sauti sikuitambua, na ningeitambuaje, sijapata kuisikia? Nilitambua macho. Nikaweka kalamu chini. "Kadzo?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nafua mashuka kwenye hoteli moja kule Bofa." Akatazama mlango wa ofisi, ambamo sasa mna mwingine. "Yeye yuko wapi?"

Nikamweleza, sikumpunguzia kitu. Mambo ya gofu pia nikamwambia, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ile sikujua ni ya nani. Alisikiliza akiwa ameinama. Nikamuuliza, "Lakini kwa nini, mwanangu? Neno moja tu?"

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema moyoni, kesho nitaitika. Naye kila siku alikuwa anarudi. Nikadhani atarudi siku zote. Sikujua kwamba mwalimu huweza kufukuzwa." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Siku ile alipokuja nyumbani nilitaka sana. Koo lilikataa."

Jumapili yake tulikwenda Mtwapa. Tukapita nyuma ya baa, kwenye ua wenye kamba za nguo. Mama mmoja anayefua alitutazama akatikisa kichwa. "Yumo," alisema, "lakini msijisumbue. Haitiki mtu. Padre mwenyewe alikuja, akarudi." Kandambili zake zilikuwa mlangoni, zimeelekezwa ndani.

Kadzo akagonga kwa kidole kimoja. "Hodi."

Kimya. Mama anayefua aliacha kufua.

"Hodi."

Kitanda kililia ndani, kisha kikanyamaza.

"Hodi."

Tukasubiri. Tulisubiri sana. Ule mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, komeo lake limelegea, hata mimi ningeusukuma kwa bega. Nikanyoosha mkono. Kadzo akanishika. "La, Mwalimu," akasema. "Zimekwisha tatu." Akasogea karibu na mlango mpaka paji la uso likakaribia kuugusa, akasema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia:

"Mwalimu, ni Kadzo, wa darasa la nane. Ulinipigia hodi mwaka mzima, nami sikuitika. Nimekuja kuitika. Karibu."

Hapakuwa na jibu. Akainamisha kichwa kidogo, vilevile kama alivyokuwa akifanya yeye, akanishika mkono tuondoke, maana adabu ni adabu. Tulikuwa tumefika kwenye kamba za nguo niliposikia komeo likivutwa.

Alisimama mlangoni amevaa fulana, ndevu zimemjaa, amekunja macho kwa jua. Mimi hakunitazama kabisa. Alimtazama Kadzo, akatafuta mwimo wa mlango akaushika. Kisha akafumba macho.

"Naomba urudie," akasema.

Kadzo akarudia.